Injini ya Kampuni Tatu na Mtihani wa Lugha Moja

Yeyote aliyewahi kupita katika barabara ya Namanga siku ya Jumamosi atakuwa ameliona jambo hili: kwamba mji wa Kitengela, ambao siku za kazi ni malalo tu ya wafanyakazi wa Nairobi na Athi River, hugeuka siku hiyo ukawa gereji moja kubwa isiyo na paa. Boneti zimefunguliwa kila upande, watoto wanatumwa dukani kununua plagi, na watu wazima wenye kazi zao za heshima wanasimama wameinamia injini kwa unyenyekevu ambao pengine hawauonyeshi hata msikitini au kanisani.

Mimi nilikuwa hapo kwa shida zangu. Gari langu lilikuwa likitoa moshi, nami nilikuwa nimekwisha kulipa mara mbili katika gereji moja ya jijini, ambayo sitaitaja, bila ya moshi wenyewe kupungua. Mwenzangu wa chuoni akanishauri niende Kitengela kwa kijana mmoja mzaliwa wa Kajiado ambaye, kwa maneno yake, husikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Nilipofika nilimkuta fundi yuko chini ya lori, na kando yake, wakiwa wameketi juu ya matairi makuukuu, wanaume watatu wanabishana. Nikakaribishwa tairi la nne.

Ubishi wao ulikuwa ule ule wa siku zote: ni gari la nani lililo gari. Mmoja wao, mzee mstaafu kutoka Isinya, ana Pijo 504 aliyoirithi kwa marehemu kaka yake. Wa pili ni kijana mwenye Subaru ambayo sauti yake hutangulia kufika kabla ya gari lenyewe. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye Toyota Passo nyekundu, na yeye ndiye aliyekuwa akichekwa. Ati kigari chake kina silinda tatu tu, ati ni cherehani iliyotiwa magurudumu. Mwalimu alikuwa akicheka pamoja nao, ila kicheko chake kilikuwa kikichelewa kidogo.

Mzee wa Isinya alikuwa na hoja moja aliyoirudia kama kiitikio. Pijo, alisema, haina damu ya mtu mwingine. Subaru imeuziwa Toyota, Toyota imeolewa na huyu na yule, lakini Pijo ni Pijo. Na ushahidi wake ni mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda akiwa katika Pijo 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena, safari hii katika 504 ile ya milango miwili yenye injini ya silinda sita. Nani atabisha? Nami, ambaye nilikulia katika nyumba iliyokuwa na redio moja tu, na redio hiyo wakati wa Pasaka haikuzungumza jambo jingine ila Safari, nilijikuta nikitikisa kichwa kumwunga mkono.

Ndipo ilipotoka sauti chini ya lori. "Shikamoo Mzee, lakini hiyo ya sabini na nane haikuwa injini ya Pijo peke yake."

Kimya kikatanda. Kijana akajivuta nje, akajifuta mikono, na akaanza kutueleza jambo ambalo nililichunguza baadaye nyumbani nikakuta hakukosea hata kidogo. Mwaka 1971 kampuni tatu, Peugeot na Renault za Ufaransa pamoja na Volvo ya Uswidi, zilikubaliana kuunda injini moja kwa gharama ya pamoja, kwa sababu hakuna hata moja kati yao iliyokuwa ikiuza magari makubwa ya kutosha kuweza kuubeba mzigo huo peke yake. Injini hiyo ikaanza kutoka mwaka 1974 katika kiwanda cha Douvrin, kaskazini mwa Ufaransa. Ilikuwa na silinda 6 na ukubwa wa karibu lita 2.7. Volvo iliitia katika gari lake la 264, Renault katika Renault 30, Peugeot katika 604 na katika 504 ile ile ya milango miwili iliyoshinda hapa kwetu. Hata lile gari la DeLorean lililoundwa Ireland ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo vijana wengi wanalijua kwa sababu ya filamu, lilisukumwa na injini hiyo hiyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maelezo aliyoyatoa baadaye, pale kijana wa Subaru alipomuuliza kwa nini basi injini hiyo ilikuwa na mngurumo wa ajabu. Fundi alichovya kidole katika oili chafu akachora juu ya boneti ya lori. Silinda sita, alisema, zimepangwa pande mbili, tatu kwa tatu, mfano wa herufi V. Injini ya silinda sita hupenda pande hizo ziachane kwa digrii 60. Hii ya Wafaransa na Waswidi iliachana kwa digrii 90, na inasemekana sababu ni kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa wa silinda nane, ambazo hutulia vizuri katika pembe hiyo; kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973, silinda mbili zikakatwa, pembe ikabaki.

"Sasa angalia," akaendelea. Krenkishafti huzunguka mara mbili, yaani digrii 720, ndipo silinda zote ziwe zimewaka. Gawanya kwa sita, unapata 120. Kila digrii 120 silinda moja iwake. Huo ndio mwendo wa mtu mzima anayetembea barabarani. Lakini katika injini hii, kwa kuwa silinda mbili zinazoelekeana zinashika pini moja ya krenkishafti na pembe ni 90, moja inawaka baada ya digrii 90, inayofuata baada ya 150, kisha 90, kisha 150. Akapiga boneti kwa viganja ili tusikie: ta-ta, ta-ta, ta-ta. Mwendo wa mtu anayechechemea. Katika miaka ya 1980 wahandisi waliipasua kila pini ikawa mbili zilizoachana kidogo, kwa digrii 30, na mchechemeo ukaisha. "Lakini ile ya Safari," akamalizia, "ilishinda ikichechemea."

Ndugu msomaji, nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Nimewasikia maprofesa wakieleza mambo mepesi kuliko hayo kwa muda mrefu zaidi na wasieleweke. Kijana huyu alitumia dakika tano, kidole kimoja, na Kiswahili. Kiswahili chake hakikuwa kile cha vitabuni, la. Kilikuwa na "krenkishafti" na "konrodi" na "pini", lakini sarufi ilikuwa imetimia: viambishi mahali pake, vitenzi vimenyambuliwa sawasawa, sababu imetangulia na matokeo yamefuata. Mzee wa Isinya, ambaye hoja yake ilikuwa imevunjwa mbele ya watu, hakukasirika. Alisogea karibu na boneti akaomba achorewe tena.

Mwalimu wa Passo naye alipata faraja yake siku hiyo, tena faraja tamu. Injini ya Passo, ile ya silinda tatu isiyofika lita moja, si kazi ya Toyota kwa asili bali ya Daihatsu, kampuni ambayo Toyota iliimiliki yote mwaka 2016. Na mwaka 2005, katika mji wa Kolín nchini Jamhuri ya Cheki, kiwanda cha ubia kati ya Toyota na kampuni mama ya Peugeot na Citroën kilianza kutoa magari matatu mapacha: Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107. Injini yao ya petroli ilikuwa ipi? Ile ile ya cherehani. Mwalimu alisimama juu ya tairi lake. "Kumbe Pijo mwenyewe alikuja kuomba kwangu!" Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona mtu mzima akifurahi hivyo bila ya kupewa kitu.

Kijana wa Subaru alidhani amepona. Injini yake, pistoni zake zimelala ubavu, mbili kushoto mbili kulia, zinatoka na kurudi kwa kuelekeana kama mabondia wanaogonganisha glavu, na Subaru imekuwa ikiziunda za namna hiyo tangu mwaka 1966. Ule mngurumo wake unaowaamsha wakazi wa Kitengela usiku wa manane hautokani hata na pistoni hizo, bali na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, ambayo huufikisha moshi wa silinda hizi na zile kwa nyakati zisizolingana. Haya yote ni kweli. Lakini kweli pia ni kwamba Toyota ilinunua sehemu ya hisa za kampuni hiyo mwaka 2005, na mwaka 2012 zikatoka gari mbili ndugu, Toyota 86 na Subaru BRZ, zenye injini ya kulala ya Subaru iliyowekewa mfumo wa Toyota wa kupulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo ni wa ukoo wa ule unaojulikana nchini Kenya kwa herufi moja na tarakimu moja: D4. Nani katika Kenya hii hajaambiwa, alipokuwa akitafuta gari la kununua, "angalia tu isiwe D4"? Injini hizo za mwanzo zilikuwa na pampu yenye shinikizo kubwa lisilostahimili mafuta machafu, na masizi yalikuwa yakijijenga katika valvu kwa kuwa petroli haikupita hapo kuziosha. Katika ile injini ya ubia Toyota ilitia vipulizio vya aina mbili, vya ndani na vya nje ya silinda, ili valvu zioshwe. Basi kile anachojivunia kijana wa Kitengela na kile anachokiogopa vimelala kitanda kimoja, na wala havigombani.

Sitarefusha habari za magari mengine, ingawa wao walirefusha hadi jua likapinduka. Iligusiwa injini ya Mazda isiyo na pistoni, yenye kipande cha pembe tatu kinachojizungusha, ambayo ilianzia kwa Mjerumani Felix Wankel na ikalipatia gari la Mazda ushindi wa Le Mans mwaka 1991. Iligusiwa Nissan AD, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 iliuzwa Japani pia kwa jina la Mazda Familia, na tangu mwaka 2018 jina hilo la Familia likahamia kwa Probox, gari ambalo Wamaasai wa Kajiado wamelipakia mbuzi, magunia na maharusi. Na kuhusu "boksa", nitasema neno moja kama mwanaisimu. Kwa mhandisi neno hilo lina maana ya injini ya kulala kama ya Subaru. Kwa mtu wa Kitengela lina maana ya pikipiki ya bodaboda, Bajaj Boxer, yenye silinda moja tu, ambayo haina mwenzake wa kupigana naye ngumi. Nayo ni zao la enzi ya ushirikiano, ule wa Bajaj ya Uhindi na Kawasaki ya Japani uliodumu tangu miaka ya 1980 hadi mwaka 2017. Neno limehama, maana imebaki nyuma, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi.

Nami nina sababu ya kuuma ulimi ninapolalamika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu walioalikwa katika jopo la kutafuta istilahi za Kiswahili za ufundi. Tulikaa hotelini siku tatu. Siku nzima ya pili tuliitumia kwa ajili ya pistoni. Baadhi yetu, nami nikiwa wa mbele, tulisema "pistoni" ni uvivu. Kwamba Kiswahili kina "mchi" na "kinu", na kwamba mchi ukitwanga ndani ya kinu ndiyo pistoni hasa ndani ya silinda. Tulishinda. Orodha ikachapwa, ikafungwa jalada la kijani. Sijawahi kusikia fundi yeyote, kutoka Kitengela hadi Namanga, akiomba aletewe mchi mpya wa Isuzu.

Kosa letu halikuwa katika mfano, kwa maana mfano ni mzuri na fundi wetu mwenyewe aliutumia kumfafanulia mwalimu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba lugha inaaibika kwa kushirikiana. Mzee wa Isinya alidhani hivyo hivyo kuhusu Pijo. Hebu tazama maneno ambayo sisi wenyewe, tuliojifanya walinzi wa usafi, tuliyatumia katika mkutano ule bila ya kuyatilia shaka. "Gari" ni la Kihindi. "Parafujo" na "bomba" ni ya Kireno. "Usukani" umetoka katika Kiarabu, tena umetoka majini, kwa kuwa sukani ilikuwa ya chombo cha baharini kabla ya kupanda barabarani. "Injini" na "breki" ni ya Kiingereza. Hakuna aliyetia saini mapatano kama yale ya mwaka 1971, na hapo ndipo mfano wangu unapokoma. Lakini ukifungua boneti ya Kiswahili utakuta kila taifa lililowahi kutia nanga Mombasa limeacha kipuri chake, na chombo kinakwenda.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, maana si injini za Wafaransa.

Wenzake walipokwisha kuondoka na moshi wa gari langu ukiwa umepatiwa dawa (ilikuwa mipira ya valvu, kitu cha bei ndogo kuliko nilichokwisha kulipa), nilimuuliza fundi amesomea wapi. Alisita. Kisha akaniambia kwamba alijifunza kwa mjomba wake pale Kajiado tangu akiwa na miaka 14, kwamba mengine huyatazama katika simu usiku, na kwamba amefanya mtihani wa daraja la ufundi mara mbili. Mtihani huo una sehemu mbili. Ile ya vitendo ameipita mara zote mbili bila ya tatizo. Ile ya nadharia ameanguka mara zote mbili. Nadharia huandikwa kwa Kiingereza.

Aliingia kibandani akanitolea karatasi ambayo alikuwa amenakili maswali aliyoyakumbuka. Swali moja lilimtaka aeleze mpangilio wa kuwaka kwa silinda katika injini, na athari zake kwa utulivu wa injini hiyo. Msomaji, lisome tena. Ni jambo lile lile alilotueleza asubuhi kwa kidole chenye oili, digrii 90 na digrii 150, mpaka mzee wa miaka 70 na zaidi akaelewa. Nikamuuliza aliandika nini. Aliandika mistari miwili. Alilijua jibu, alisema, lakini kila alipoanza sentensi aliogopa mwisho wake.

Nimeifikiria kauli hiyo kwa majuma kadhaa. Kuogopa mwisho wa sentensi. Si kuogopa injini, si kuogopa hesabu, bali kuogopa kitenzi cha Kiingereza kitakachomfichua. Na gharama yake si ya aibu tu. Bila ya cheti hawezi kuajiriwa katika gereji kubwa, hawezi kupewa kazi na kampuni za bima, hawezi kuomba zabuni ya kutengeneza magari ya serikali yoyote, ya taifa au ya kaunti. Wapo vijana wenye cheti ambao humletea magari yaliyowashinda, naye huyatengeneza kwa ujira mdogo, nao huyarudisha kwa wenyewe kwa bei kamili.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Haikusema Kiingereza ni rasmi zaidi siku ya mtihani. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima la kutahiniwa, maana yake ni kwamba tumetumia miongo minne kumfundisha kila mtoto wa Kenya lugha ambayo tunamkataza kuitumia anapotaka kuthibitisha kwamba anajua kazi. Na kutoka Kitengela hadi Namanga ni mwendo wa kama kilomita 130 tu. Ukivuka pale utakuta nchi ambayo fundi kufunzwa ufundi wake kwa Kiswahili si jambo la kumshangaza mtu, na magari yao hayaanguki magurudumu.

Najua pingamizi zitakazoletwa, maana nimewahi kuzileta mimi mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba istilahi hazijakamilika. Jibu langu ni kwamba zimekamilika zamani, ila zimekamilikia gereji na si hotelini. Kazi iliyobaki ni kwenda na daftari kuziandika, kuzilinganisha za Kitengela na za Mombasa na za Kisumu, na kuzichapa. Hiyo ni kazi ya watu kama mimi, na kama haijafanyika lawama ni yetu, si ya mtahiniwa. Ya pili ni kwamba vitabu vya kutengenezea magari vimeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na fundi anahitaji kuvisoma; afundishwe Kiingereza cha kusomea vitabu hivyo, tena afundishwe vizuri. Lakini kuweza kusoma maelekezo ni jambo moja, na kutunga insha ya kujieleza mbele ya msahihishaji ni jambo jingine. Isitoshe, magari mengi yanayotengenezwa Kitengela hayakubuniwa kwa Kiingereza. Yalibuniwa kwa Kijapani. Na Mjapani anaiita injini "enjin", breki "bureki", klachi "kuratchi", na usukani anauita "handoru", kutokana na neno la Kiingereza ambalo Mwingereza mwenyewe halitumii kwa maana hiyo. Hakungoja jopo limtafutie neno safi. Aliyachukua maneno, akayavika sauti za kwao, akafikiri nayo, na leo sisi tunamngoja kwa hamu bandarini atuletee alichokifikiri.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami sitalipuuza. Kwamba cheti cha Kiswahili kitamfungia kijana huyu katika Afrika Mashariki, ilhali mwenye cheti cha Kiingereza anaweza kwenda Dubai au Doha. Labda. Basi apewe hiari. Karatasi iwe na lugha mbili, mtahiniwa achague, na cheti kiwe kimoja. Anayetaka Doha aandike Kiingereza. Anayetaka kumtengenezea mwalimu Passo yake pale Kitengela asizuiwe na sarufi ya Doha.

Tunayo pia kumbukumbu ya nyumbani kuhusu kujitenga na kushirikiana. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya au likiwa na mwendo wa pole. Mwaka 1990 magari machache ya mfano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa pale Kasarani. Kampuni ya kuyaunda kwa wingi ikasajiliwa, fedha hazikupatikana, na biashara hiyo haikuanza kamwe. Huwa tunalicheka gari lile kupita kiasi. Wale waliolibuni walikuwa wasomi hodari, na kuunda gari linalokwenda kwa miguu yake si mchezo. Lakini tulitaka liwe letu peke yetu, wakati ambapo Peugeot, Renault na Volvo, zenye viwanda vya miongo mingi, zilikuwa zimekiri kwamba injini moja ya silinda sita ilihitaji mifuko mitatu. Na tulipotafuta akili ya kuliunda tulitazama vyuoni na katika karakana za serikali. Sidhani kuna aliyekwenda kwenye gereji za kandokando ya barabara kuuliza wanaofungua injini kila siku ni kipi huvunjika kwanza. Kwa lugha gani tungewauliza?

Wakati huo huo pale barabara ya Mombasa ushirikiano mwingine ulikuwa ukiendelea bila ya ngoma. Kampuni yenye jina la Kimarekani, General Motors, ilikuwa ikiunganisha malori ya Kijapani ya Isuzu kwa mikono ya Wakenya, tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2017 Wamarekani walipouza hisa zao na jina likawa Isuzu East Africa. Matatu nyingi zinazotuleta Kitengela zimepitia hapo. Injini zilikuja zimekwisha kuundwa, ndani ya masanduku. Mwenye kuleta kitu kidogo katika ubia hupata kidogo, na sisi tulileta mikono. Akili ya kuiambatanisha na mikono hiyo tunayo, imelala chini ya malori kando ya barabara ya Namanga, na kila mwaka tunaipa karatasi ya kuithibitishia kwamba haifai.

Nilipokuwa nikiondoka nilimwomba anieleze vipi wao pale gereji wanauita ule mpangilio wa kuwaka kwa silinda. Akaniambia husema tu "zamu": zamu ya moja, zamu ya tatu, zamu ya nne, zamu ya mbili. Katika lile jalada la kijani tuliandika maneno manne, mojawapo likiwa na silabi saba. Nililikata kwa kalamu nilipofika nyumbani, nikaandika "zamu" pembeni.

Atafanya mtihani kwa mara ya tatu mwezi wa Novemba. Ada amekwisha kulipa. Kila Jumamosi, nikipata nafasi, huenda pale na daftari mbili: katika moja yeye ananisomesha injini, na katika nyingine mimi namsomesha namna ya kumaliza sentensi ya Kiingereza bila ya kuiogopa. Mzee wa Isinya husikiliza, na mara nyingine hudai kwamba yeye angepita.